Ardhi tupu chini ya migrivea: uchambuzi wa kisa cha uwanja mmoja Arusha

Eneo lenyewe ni kipande cha mita 12 kwa 4 nyuma ya nyumba, nje kidogo ya mji wa Arusha, kwenye mwinuko wa kama mita 1,400. Ni mteremko: kutoka upande wa jikoni hadi kwenye ua, ardhi inashuka nusu mita. Upande wa juu imesimama migrivea mitatu (Grevillea robusta) iliyokomaa, na chini karibu na ua ipo miringaringa miwili (Cordia africana). Matawi yamekutana. Kwa miaka mingi chini yake hapakuwa na kitu ila vumbi wakati wa kiangazi na matope mekundu-meusi yanayoteremka hadi getini wakati wa masika.

Wenye nyumba walikuwa wamejaribu mambo manne kabla ya kuomba ushauri, na mpangilio wa majaribio hayo ndio uliotoa nusu ya jibu.

Kwanza walipanda nyasi za kikuyu, mara tatu. Kila mara zilishika wakati wa mvua, zikawa ndefu na nyembamba, na kufikia Agosti zimekwisha. Wakaamua kuwa tatizo ni kivuli, wakakata matawi ya chini ya migrivea hadi urefu wa mita nne. Mwanga uliongezeka kweli, lakini nyasi hazikurudi. Kisha wakaleta lori moja la udongo, karibu mita 7 za ujazo, wakautandaza sentimita 15 juu ya eneo lote, hadi kwenye mashina ya miti. Mwishowe, mwezi Agosti, walipanda vitoto 200 (miche midogo inayochumwa kwenye mmea mama) vya spaida, mmea wa majani marefu membamba uitwao "spider plant" kwa Kiingereza, ile yenye mistari myeupe, moja kwa moja kwenye udongo huo mpya na kumwagilia kwa mpira kila jioni, maji ya kisima kirefu.

Kufikia Novemba hali ilikuwa hivi: theluthi ya juu, mimea mingi imekauka. Theluthi ya chini, mingi imeoza shingoni. Katikati imebaki hai, lakini karibu kila jani lina ncha ya kahawia kama iliyochomwa na moto.

Ukisikia "mimea yangu inakufa" kivulini, usikubali kuwa hiyo ni dalili moja. Hapa zilikuwa tatu, kila moja na mahali pake, na kila moja ilikuwa na chanzo chake. Aliyezichanganya angemwagilia zaidi ili kuokoa za juu, akazidi kuozesha za chini, na kuongeza kile kilichokuwa kinachoma ncha za katikati.

Je, ni giza?

Hili hupimwa bila kifaa. Saa sita mchana, siku ya jua, weka karatasi nyeupe chini na shika kiganja sentimita 30 juu yake. Kivuli cha kiganja kikiwa na kingo kali, hapo ni jua. Kikionekana lakini kingo zimefifia, ni kivuli cha wastani. Kisipoonekana kabisa, ni kivuli kizito. Rudia sehemu sita au saba, maana chini ya miti mwanga hauko sawa. Katika eneo hili kingo zilififia karibu kila mahali, na kivuli kizito kilikuwa kona moja tu, chini ya mgrivea ulio karibu zaidi na nyumba. Kwa mmea wa sakafu ya msitu huo ni mwanga wa kutosha kabisa.

Nyasi za kikuyu ni za hapa hapa, nyanda za juu za Afrika Mashariki. Kuwa mmea wa asili hakukuzisaidia kitu, kwa sababu asili yake ni uwazi wenye jua na si chini ya miti. Neno "asili" likitumika bila kuuliza "asili ya wapi hasa" hudanganya watu wengi. Msizi (Maesopsis eminii) ni mti wa asili wa Kagera na Uganda, lakini ulipopandwa Amani, Usambara Mashariki, uligeuka mvamizi ndani ya msitu.

Au ni kiu?

Hapa ndipo kesi ilipofunguka. Asubuhi baada ya mvua nzuri ya usiku, yalichimbwa mashimo madogo ya jembe: mawili nje ya matawi, matano chini yake. Nje, unyevu ulikuwa umeshuka sentimita 15. Chini ya migrivea, sentimita 3, na chini ya hapo vumbi. Makopo matupu ya maziwa yaliyowekwa chini ya matawi yalikusanya maji machache sana kuliko yale ya uwanjani. Manyunyu hubaki juu kwenye majani na kukauka hapo hapo. Ni mvua kubwa tu inayofika chini kwa maana.

Halafu kuna mizizi. Mgrivea ni wa familia ya Proteaceae, na familia hii huotesha vishada vya vijizizi vyembamba kama brashi ya viatu karibu kabisa na uso wa ardhi. Watu husema mgrivea una mizizi mirefu ya kwenda chini, na ni kweli, lakini huo ni upande mmoja wa habari. Ukifunua majani makavu chini ya mti uliokomaa utakuta mkeka wa vijizizi. Udongo ule wa lori ulichimbwa ukakutwa umeshajaa mizizi ya miti kutoka chini kwenda juu, ndani ya msimu mmoja wa mvua. Wenye nyumba walidhani wanaipa spaida makazi, waliilisha migrivea. Tena udongo uliokusanywa kwenye mashina huozesha magome na kunyima mizizi ya zamani hewa, kwa hiyo mti wenyewe nao ulikuwa umewekwa hatarini.

Kuthibitisha kwamba ni mizizi na si mwanga, lipo jaribio la zamani linalofaa kila uwanja. Mwaka 1904 mtaalamu wa misitu wa Kijerumani, Fricke, alichimba mfereji kuzunguka miche iliyodumaa chini ya misonobari, akakata mizizi ya miti mikubwa bila kugusa matawi. Kivuli kilibaki kile kile, na miche ikaanza kukua. Kwa uwanja wa nyumbani toleo dogo linatosha. Kata kwa panga duara lenye upana wa ndoo, kina cha sentimita 30, kisha zungushia humo kipande cha bati lililokunjwa, bila kitako, ukingo wake ukiwa sawa na uso wa ardhi. Ukiacha ukingo umesimama juu, utakuwa unatega maji ya ziada na jaribio litakudanganya. Panda miche mitatu ndani na mitatu nje, nusu mita kutoka hapo, na kila kundi lipate lita moja ya maji kila siku ya tatu. Baada ya wiki sita mimea ya ndani ya bati ilikuwa imesimama na kutoa majani mapya, ya nje imekunjika katikati kama karatasi iliyokunjwa kwa urefu. Mwanga ule ule, maji yale yale.

Na fagio

Chanzo kingine hakikutajwa na mtu yeyote hadi kilipoonekana kwa macho, saa kumi na mbili asubuhi: fagio. Uwanja ulikuwa ukifagiliwa kila siku, majani yote yanakusanywa kwenye rundo na kuchomwa. Kwetu uwanja uliofagiliwa ni heshima ya nyumba, na hilo halina ubishi mbele ya mlango. Lakini chini ya miti fagio huondoa blanketi linaloweka unyevu, hulisaga tabaka la juu la udongo kuwa unga, na matone ya mvua yakipiga unga huo huganda kama sakafu. Maji hayazami tena, yanateleza. Ndiyo maana matope yalikuwa yanafika getini. Udongo ulioshuka ulirundikana kwenye mimea ya theluthi ya chini na kufukia shingo zake. Hapo ndipo uozo ulipoanzia, ukisaidiwa na majani ya mringaringa, mapana kama sahani, ambayo yakilowa hulala moja juu ya jingine na kufunika mche mdogo usipumue.

Kwa hiyo juu ni kiu, chini ni kufukiwa. Zikabaki zile ncha za kahawia.

Ncha zilizoungua

Ncha za kahawia kwenye spaida zina sababu nne za kawaida: ukavu, chumvi nyingi, mbolea iliyozidi, na floraidi. Ukavu uliondolewa kwenye orodha mapema kwa kuwa mimea iliyopata maji mengi kuliko yote ndiyo iliyoungua zaidi. Mbolea ya dukani haikuwa imetumika. Yakabaki maji yenyewe.

Mtu wa Arusha hahitaji kuelezwa sana habari ya floraidi. Meno yenye madoa ya kahawia ya wenyeji wa vijiji vinavyozunguka Mlima Meru yanaieleza. Miamba ya volkano huiachia kwenye maji ya ardhini, na ndiyo maana kuna kituo cha utafiti cha Ngurdoto kinachoshughulikia kuiondoa kwa mkaa wa mifupa. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita kwa maji ya kunywa. Spaida ni miongoni mwa mimea nyeti zaidi kwa floraidi, pamoja na jamii ya dracaena, na inaweza kuungua hata kwa maji ambayo mtu anaruhusiwa kunywa. Floraidi husafiri na maji ndani ya jani hadi mwisho wa safari, yaani nchani. Maji hutoka kama mvuke, yenyewe inabaki na kurundikana.

Uthibitisho ulikuwa wa vyungu 12 kwenye kibaraza: sita maji ya mvua, sita maji ya kisima, wiki nane. Katika jaribio kama hili usitazame majani ya zamani, kwa sababu ncha iliyokufa haiponi hata ukibadilisha maji. Kata ncha zote kwa mkasi siku ya kwanza, weka alama kwenye majani machanga ya katikati, na hukumu kwa hayo tu. Ya mvua yalitoka safi. Ya kisima yalianza kuungua wiki ya tano.

Tahadhari ndogo hapa: mbolea za fosfeti nazo hubeba floraidi, ile ya mwamba uliosagwa ikiwemo. Ukimtibu mgonjwa huyu kwa fosfeti unamwongezea ugonjwa. Na udongo wenye uchachu huachia floraidi kwa urahisi zaidi, kwa hiyo konzi moja ya majivu ya kuni kwa mita ya mraba, mara moja kabla ya mvua, husaidia kuifunga. Konzi moja, si ndoo.

Kwa nini basi kuendelea na spaida?

Swali la haki. Spaida, yaani Chlorophytum comosum, iliyopewa jina lake la kwanza la kisayansi na Thunberg, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, mwaka 1794, ni mmea wa misitu ya Afrika ya tropiki na kusini, Tanzania ikiwemo. Ulimwengu umeuzoea ndani ya vyungu vya kuning'iniza madirishani, hata wengi hapa nyumbani wanadhani umetoka ng'ambo. (Jina nalo lina mtego: jirani wa Kenya akisikia jina lake la Kiingereza anaweza kukuletea mbegu za mgagani, kwa kuwa mboga hiyo inaitwa hivyo hivyo.) Haupukutishi majani, haupandi juu zaidi ya sentimita 30 hadi 40, hauna sumu kwa mtoto wala kwa mbwa, na chini ya ardhi una mizizi minene kama vidole vya mtoto inayohifadhi maji. Sifa hiyo ya mwisho ndiyo inayouruhusu kuishi chini ya mti mwenye kiu. Kitoto kilichochumwa jana hakina vidole hivyo bado, na hilo ndilo kosa kubwa la upandaji wa Agosti: walipanda watoto wachanga jangwani.

Yenye mistari ina kosa jingine. Sehemu nyeupe ya jani haitengenezi chakula, kwa hiyo kivulini hukua polepole kuliko ile ya kijani kitupu. Mistari ni ya ukingoni, penye mwanga. Ndani, chagua ya kijani, ile inayofanana na ya porini. Miche ichukuliwe kwa mtu mwenye mashina yake au kwenye kitalu. Kuchimba mimea kwenye hifadhi ya misitu bila kibali kunakatazwa na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, na isitoshe hakuna haja, kwani shina moja lililostawi hutoa vitoto vingi kila mwaka.

Wapo waliopendekeza zebrina (Tradescantia zebrina) kwa sababu inashika haraka. Inashika, ndiyo. Inatoka Mexico, na kila kipingili kinachodondoka huota. Kama kuna bonde au msitu karibu, usiipande.

Ukarabati

Kazi ya kwanza ilikuwa kuondoa udongo wa lori kwenye mashina, si eneo zima. Kwa mikono na koleo dogo, polepole, mpaka pale shina linapopanuka kuingia ardhini paonekane. Duara la nusu mita kuzunguka kila mti likaachwa bila kupandwa kitu. Udongo uliotolewa ulitumika kujaza viriba.

Pili, fagio lilihamishwa. Makubaliano yalikuwa kwamba mbele ya nyumba na njia ya kwenda jikoni vinafagiliwa kama kawaida, na majani yote yanayokusanywa huko yanaletwa huku. Hatua hii haikugharimu senti na, kwa maoni yetu, ingefanyika peke yake ingeleta nusu ya mafanikio. Majani ya mgrivea ni membamba, yanatandazwa yalivyo, unene wa sentimita 3 hadi 5. Ya mringaringa yanakatwakatwa kwanza kwa panga ndani ya toroli. Hakuna jani linaloruhusiwa kulala juu ya shingo ya mche.

Tatu, magogo ya unene wa mkono yalilazwa kukingama mteremko, kila mita moja na nusu, yakashikiliwa kwa vigingi. Hakuna mfereji uliochimbwa. Makinga maji ya kuchimba ni mazuri shambani, lakini hapa yangekata mizizi ya miti na kuifanya iyumbe.

Miche ilitayarishwa tangu Januari. Vitoto vilichaguliwa vile ambavyo tayari vina vichwa vya mizizi chini yake, urefu wa nusu sentimita au zaidi, vikapandwa kwenye viriba vya inchi nne vyenye mchanganyiko wa madebe matatu ya udongo, moja la mchanga na moja la mboji ya majani iliyooza kabisa. Kiriba kiko tayari pale ukikichana na udongo hausambaratiki: wiki sita hadi nane. Vilitengenezwa 430. Hesabu yake ni hii: theluthi mbili za chini zina mita za mraba 32, ukiondoa sehemu za mashina zinabaki 30. Ukipanda kwa pembetatu, sentimita 30 kila upande, mita moja hubeba miche 13. Hiyo ni 390, na asilimia kumi ya kuzibia mapengo.

Theluthi ya juu ilitendewa tofauti kabisa, na hapa ndipo wengi hukosea kwa kutaka mistari iliyonyooka. Chini ya migrivea huwezi kupanda kwa kamba, kwa sababu mizizi ndiyo inayoamua. Badala ya vitoto, yaligawanywa mashina makubwa ya spaida, kila kipande kikiwa na mizizi minene isiyopungua mitano na majani yaliyopunguzwa kwa nusu. Vikatafutwa vifuko vitatu kwa kila mita ya mraba kwa kuchokoa na ncha ya sururu ndogo: shimo la upana wa sentimita 15, kina kama hicho. Ukigonga mzizi mnene kuliko kidole gumba, sogea, usikate. Kila kifuko kiliwekewa vipande viwili na konzi mbili za mboji. Kwa mita 13 zilizobaki, hivyo vilikuwa vifuko 39 na vipande 78. Sehemu nyingine yote iliachiwa majani makavu.

Kina cha kupanda kinastahili sentensi yake: shingo, pale majani yanapokutana na mizizi, ibaki sawa na uso wa ardhi au juu yake kidogo, na kwenye mteremko elekeza mche uegemee juu kidogo, maana udongo utashuka hata kama kuna magogo.

Upandaji ulifanyika wiki ya kwanza ya Aprili, baada ya mvua ya tatu kubwa, ardhi ilipolowa hadi kina cha kiganja. Kuanzia hapo kuna wiki nane za masika za kushikia mizizi. Kupanda vuli kunawezekana, ila Januari na Februari za Arusha ni kavu na zenye joto, na mche unakutana nazo kabla haujajenga akiba.

Hesabu ya maji

Masika ikiisha ndipo nidhamu inapohitajika. Kunyunyiza kila jioni kulikuwa kunalowesha majani makavu tu. Badala yake: mara moja kwa wiki, lita 10 kwa mita ya mraba kwenye theluthi mbili za chini, na lita 2 kwa kila kifuko kule juu, zikimwagwa polepole kwa keni. Hiyo ni lita 300 na lita 78, tuseme 380 kwa zamu. Juni hadi Oktoba ni wiki 20 hivi, yaani lita 7,600.

Tangi la maji ya mvua lilikuwa la lita 5,000. Halitoshi, na kununua jingine kwa ajili ya majani ingekuwa ufahari. Ratiba ikawa zamu mbili za maji ya mvua kwa zamu moja ya kisima. Zamu 13 za mvua hula lita 4,940, zamu 7 za kisima hula 2,660, na mmea unapata karibu theluthi tu ya floraidi ambayo ungepata kama maji yote yangekuwa ya kisima. Kujaza tangi ni rahisi kuliko watu wanavyodhani: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja, kwa paa la mita 60 na mvua ya milimita 10, ukitoa robo kwa kinachopotea, unapata lita 450 kwa siku moja. Gata zisafishwe kabla ya Machi, vinginevyo majani ya mgrivea yataziziba mvua ya kwanza tu.

Mwaka wa pili zamu zilipunguzwa kuwa moja kila wiki mbili. Dalili ya kwamba mmea unaomba maji ni jani kukunjika katikati na rangi kufifia kuelekea kijivu. Ukiiona asubuhi na mapema, mwagilia. Ukiiona mchana wa jua tu na asubuhi limefunguka, subiri.

Maadui wa miezi ya kwanza

Kuku walikuwa wa kwanza. Majani makavu yenye wadudu ni karamu kwao, na mche wa wiki mbili haustahimili ukucha. Wavu wa sentimita 60 uliwekwa kuzunguka eneo kwa miezi mitatu. Asiye na wavu aweke matawi ya miiba. Usiku wa mvua konokono wakubwa walitafuna majani machanga, wakaokotwa kwa tochi. Sumu ya konokono haikutumika kwa sababu hiyo hiyo ya kuku.

Magugu yalipaliliwa kwa mkono kila wiki tatu hadi Oktoba. Palipojitokeza mtikini (Asystasia gangetica) ulichumwa ukapelekwa jikoni, maana ukiachwa hupanda juu ya spaida na kuifunika. Kile kijinyasi kifupi cha msituni chenye majani mapana yenye mawimbi, Oplismenus, hakikuguswa. Kilikuja chenyewe, kinakaa kivulini, na kinashona mapengo vizuri kuliko mkono wa mtu. Kero yake ni mbegu zinazonata kwenye suruali.

Hofu ya nyoka ilizungumzwa wazi, kwa kuwa mama wa nyumba asingekubali kazi iendelee bila hilo. Ukanda wa mita moja kando ya ukuta uliachwa wazi na kuwekwa kokoto, na njia ya kwenda kwenye kamba ya nguo ikapanuliwa hadi sentimita 80. Huko fagio linaendelea na kazi yake.

Hali ilivyokuwa baadaye

Kufikia mwisho wa kiangazi cha kwanza ilikufa miche 41 kati ya 390, karibu yote kwenye mstari mmoja wa chini ambapo gogo lilisogea na udongo ukapita. Kati ya vipande 78 vya juu vilikufa sita. Majani yaliyotoka baada ya Aprili yalikuwa na ncha safi hadi Julai. Kuanzia Agosti ncha chache zilipata rangi ya kahawia, milimita mbili tatu, kiasi ambacho mtu hakioni akiwa amesimama. Miezi 14 baada ya kupanda, theluthi mbili za chini zilikuwa zimefunga, na vitoto vilikuwa vinateremka vyenyewe juu ya magogo na kujishikiza. Masika hiyo maji yaliyofika getini yalikuwa na rangi ya chai nyepesi badala ya matope.

Juu bado kuna mapengo, na yatakuwepo. Vifuko vimepanuka kuwa vichaka vya upana wa beseni, na kati yake ni majani makavu ya mgrivea. Kwenye ile kona ya kivuli kizito, karibu na nyumba, vipande vyote sita vilivyokufa vilikuwa vya hapo. Vilipandwa upya mara moja, vikafa tena. Makopo yalipowekwa kona hiyo yalikutwa makavu hata baada ya mvua ya nusu saa: paa la nyumba linazuia upande mmoja na shina la mti upande wa pili. Haikupandwa mara ya tatu. Yamelazwa matofali sita bila saruji, ili maji kidogo yanayofika yapenye, na juu yake kuna benchi.